Simu ya Intaneti na Mlinzi wa Lango

Ndugu askari na polisi, tangu vijana wetu walipoanza kupelekwa Somalia mwaka 2007, jamaa nyingi zimezoea kungoja simu ya jioni. Baadhi yao wameweka nyumbani simu ya mezani ipitayo katika intaneti. Simu hiyo isipolia, mke hudhani mumewe amepatwa na jambo. Naye mume, kule aliko, hudhani nyumba imehamwa. Aghalabu hakuna lililotokea. Kosa limo katika kile kisanduku kiitwacho ruta.

Ruta ni kama askari wa zamu langoni. Nyumba nzima ina anwani moja ya nje, na kila chombo kina anwani yake ya ndani, kwa kawaida ianzayo na 192.168, isiyojulikana huko nje. Ujumbe utokapo, ruta hubadili anwani iliyo juu ya bahasha na kukumbuka ni chombo gani kilichoutuma. Lakini utaratibu wa simu hizi, uitwao SIP, ambao kanuni zake kuu zilitolewa mwaka 2002, huandika anwani hata ndani ya barua yenyewe. Mlinzi amebadili bahasha, barua hakuigusa. Basi mtu wa upande wa pili hupeleka sauti yake kwenye anwani isiyofikika, na ndipo mmoja husikia na mwenzake hasikii.

Watengenezaji walibuni dawa: ruta ifungue barua na kuisahihisha. Dawa hiyo huitwa SIP ALG, nami nasema bila kusita kwamba mara nyingi imekuwa mbaya kuliko ugonjwa, kwa kuwa husahihisha nusu na kuharibu nusu. Ingieni katika mipango ya ruta muizime. Kisha iwekeni simu itumie STUN, yaani iulize mtambo wa nje, "Waniona kwa anwani ipi?", ndipo iandike anwani hiyo. (WhatsApp haisumbuki hivi, kwani yaweza kupitisha sauti katika mitambo yake yenyewe.)

Jambo la pili ni usahaulifu. Kanuni za mwaka 2007 zaitaka ruta isisahau njia kabla ya dakika 2, na zapendekeza dakika 5 au zaidi. Lakini ziko ruta zisahauzo baada ya sekunde 30. Hapo simu yaweza kupiga, bali haiwezi kupigiwa. Iamuruni simu itoe salamu fupi kwa mtambo kila sekunde 20, ili mlinzi asisinzie.

Wapo mafundi washaurio kuiacha simu wazi kwa dunia nzima, na milango yote ifunguliwe. Ushauri huu naupinga kabisa. Wezi huzunguka mchana na usiku wakibisha mlango namba 5060, na wakipata simu yenye neno la siri dhaifu, hupiga namba za ghali za ng'ambo kwa gharama ya mwenye nyumba. Polisi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tena, kampuni nyingi za simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo kufungua milango nyumbani hakufai kitu, maana lango la pili limo mikononi mwa kampuni. Salamu ya kila sekunde 20 ndiyo ipitayo malango yote mawili.