Barabara Imefungwa, Lakini Ni Wapi Hasa?

Mtu wa Bura akitaka kujua kama barabara ya Garissa inapitika, humpigia simu dereva aliyetoka huko asubuhi. Akikosa mtandao, husubiri gari la kwanza lifike. Lisipofika, amepata jibu.

Si kwamba hakuna matangazo rasmi. Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA) hutoa ilani, kama ilivyofanya mafuriko yalipofunika barabara ya Mororo, karibu na daraja la Garissa. Lakini nyingi hutoka Nairobi, kwa Kiingereza, kupitia X na Facebook. Halafu jina lenyewe linachanganya: kuna Bura ya Fafi huku Garissa, Bura ya Tana River ng'ambo ya mto, na Bura ya Taita. Ukisoma "Bura" peke yake, unabahatisha.

Kubwa zaidi ni kwamba maji yanayofunga barabara zetu ni ya aina mbili. Tana hufurika kwa maji ya nyanda za juu yanayopitia mabwawa ya Seven Forks, na huchukua siku kadhaa kufika huku. KenGen hutahadharisha watu bwawa la Masinga likijaa, kwa hivyo muda wa kujipanga upo. Laga ni mambo mengine. Hukaa kavu miezi na miezi, kisha mvua inyeshe mbali, na kwa saa chache dereva akute mto palipokuwa na mchanga. Ilani ya jana haimfai kitu.

Aprili 9, 2024, basi lilisombwa na maji Tula, kaunti ya Tana River; abiria 51 waliokolewa. Aprili 28, mashua ilipinduka Kona Punda, mahali ambapo barabara ilikuwa imezama. Watu 23 waliokolewa, wengine wakafa maji. Hao walijua vyema kwamba barabara haipitiki. Ndiyo sababu walipanda mashua. Tangazo lisilotaja njia nyingine humwachia msafiri aamue mwenyewe, na mwenye mgonjwa ataamua kuvuka.

Kaunti za Garissa na Tana River zingeweza kumlipa mtu mmoja kwenye kila laga kubwa, apigie redio simu asubuhi na jioni, habari zisomwe kwa Kiswahili, Kisomali, Kiorma na Kipokomo. Madereva tayari wanaifanya kazi hiyo, kwa salio lao wenyewe.