Ada ya msikilizaji imfuate mwanamuziki wake
SIKIO LA MJINI, na Zuhura Mbelwa

Waulize vijana wa Dar es Salaam kama wanalipia muziki. Wengi watakujibu ndiyo, mbona bando wananunua kila siku. Hawasemi uongo, hela imeshawatoka. Ila imeishia kwenye kampuni ya simu, na mwanamuziki anabaki kusubiri chake kutoka kwenye matangazo ya YouTube, ambayo kwa watazamaji wa Tanzania hulipa kidogo kuliko kwa watazamaji wa Uingereza au Marekani.

Sizililii enzi za kanda. Msambazaji wa Kariakoo alimlipa msanii mara moja basi, na idadi ya kanda zilizouzwa aliijua mwenyewe. Baadaye vikaja vibanda vya kurushia nyimbo: kijana na kompyuta yake, unampa memori kadi, unataja taarabu, singeli au rumba ya Kongo, anakujazia na kumlipa unamlipa yeye. Mwenye wimbo hakuonja hata senti. Boomplay ilipokuja ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno, kisha Spotify ikaingia Tanzania na Kenya Februari 2021, angalau kila wimbo unaopigwa ukaanza kuhesabiwa. Hilo nalishukuru.

Kinachoniuma ni mgao. Tuseme mzee wa Temeke analipa ada ya mwezi Spotify, na mwezi mzima hasikilizi kingine ila Msondo Ngoma, bendi iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Ungetarajia ada yake, kampuni ikishakata takriban theluthi yake, iende Msondo. Haiendi. Inatiwa kwenye mfuko mmoja na za wenzake wa nchi nzima, kisha mfuko unagawanywa kwa kuangalia kila wimbo umechukua sehemu gani ya usikilizaji wote. Wanaoacha simu ikiimba kutwa kucha ndio wanaoamua hela ya mzee iende kwa nani, na mara nyingi inakwenda kwa staa ambaye mzee hajawahi kumsikiliza. Tena tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Kwa mpiga zeze wa Dodoma, hapo mlango umefungwa kabisa.

Na njia nyingine ipo. SoundCloud ilianza 2021 kuwalipa wasanii wanaojitegemea kwa kumfuata msikilizaji: ada yako wanagawana wale uliowasikiliza wewe. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wizara inayosimamia sanaa wakikaa na kampuni hizi, naomba hili litangulie mezani kabla ya habari za tuzo na matamasha. Na mastaa wetu wakubwa waliunge mkono hadharani, ingawa litawapunguzia, kwa sababu kampuni hizi huwasikiliza wao haraka kuliko zinavyomsikiliza ofisa wa serikali.