Mbwa koko au mbwa aliyepotea?

Nyumbani tukimwona mbwa peke yake barabarani huwa tunamwita mbwa koko, tukapita. Hapa Toronto jina hilo mara nyingi halimfai: mbwa huyo ana mwenyewe, na huenda sasa hivi anamtafuta huku akilia.

Ukimkuta, usimkimbize, asije akaingia kwenye magari. Chuchumaa kando, usimkazie macho, umwite polepole. Akikubali kushikwa, tazama mkanda wake wa shingoni. Sheria ya jiji inataka kila mbwa awe na leseni, na namba ya kwenye kibati ndiyo humtambulisha mwenyewe. Kama hana kibati, huenda ana chipu chini ya ngozi. Daktari wa wanyama ana kifaa cha kuisoma. Akiwa mkali au ameumia, usimguse. Kwa vyovyote vile, piga 311 utoe taarifa kwa jiji.

Huruma isikufanye ukae naye kimya. Kumfuga bila kutoa taarifa ni kumpoteza mara ya pili.

Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Basi tumwonyeshe ufuko.