Miwani ya mpasuaji haigawanywi

Huko Goma na Bukavu, ambako madaktari wapasuaji wanashona mishipa na neva zilizokatwa na risasi, miwani ya kukuza si anasa. Shida ni kwamba wakuu wa hospitali, wanapopata pesa ya kuinunua, wanauliza jambo moja tu: inakuza mara ngapi?

Miwani ya mara 2,5 inatosha kwa kazi nyingi. Ile ya mara 4 inaonyesha uzi mwembamba vizuri zaidi, ila sehemu inayoonekana inakuwa ndogo, mwanga unapungua, na kichwa kikitikisika kidogo tu daktari anapoteza jeraha. Cha kupima kwanza ni umbali kati ya macho na mikono ya daktari mwenyewe, mara nyingi sentimita 35 hadi 50, kisha nafasi kati ya mboni zake mbili. Iliyopimiwa daktari mfupi itamkunja mrefu shingo kwa saa nzima za upasuaji.

Kwa hiyo kununua moja ya kupokezana chumba kizima, hata ikiwa ya bei kali, ni kutupa pesa. Na msaada wa miwani iliyokwisha kutumiwa Ulaya? Heri wafadhili watume kwanza fundi wa kupima.