Shule zisinunue kompyuta kwa kusikia jina tu

Miongoni mwa mambo ya awali tunayowafunza wanafunzi wa isimu ni kwamba umbo la neno si dhamana ya maana yake. Neno "kaa" laweza kuwa mnyama wa baharini mwenye magando, kipande cha moto jikoni, au amri kwa mtu aliyesimama. Asikilizaye sauti tu pasipo kuzingatia muktadha hupotea. Somo hili hunijia akilini kila niombwapo ushauri na walimu wanaotaka kuzinunulia shule zao kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Katika biashara hiyo maneno yanayofanana huficha vitu visivyofanana, na anayelipa gharama ya mkanganyiko huo hatimaye ni mzazi na mwanafunzi.

Nazungumzia zile kompyuta ndogo za mezani, ambazo kimo chake hakizidi sana cha kamusi nene, zilizotumika katika ofisi za Ulaya na Marekani kwa miaka michache kisha zikauzwa kama mitumba. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna prosesa, yaani bongo la mashine, iliyoundwa na kampuni ya Intel. Mbili huonekana mara kwa mara. Ya kwanza ni Core i5-6500T, iliyotoka mwaka wa 2015, na ambayo hupatikana, kwa mfano, katika Dell OptiPlex 7040 Micro na HP EliteDesk 800 G2. Ya pili ni Core i5-8500T, iliyotoka mwaka wa 2018, nayo hupatikana katika OptiPlex 7060 Micro na EliteDesk 800 G4. Kwa macho mashine hizi zakaribiana. Muuzaji akiulizwa zina bongo gani, aghalabu hujibu kwa neno moja: "i5". Mnunuzi huridhika, akalipa.

Jibu hilo halitoshi hata kidogo. Jina la prosesa lina viambishi vyake kama lilivyo neno la Kiswahili. Katika "wanasoma", kiambishi "wa-" chaeleza watendaji, "-na-" chaeleza wakati, na mzizi "-som-" wabeba tendo. Vivyo hivyo katika "i5-6500T": "i5" ni daraja, tarakimu 6 ni kizazi, 500 ni cheo ndani ya kizazi hicho, na herufi T mwishoni ni alama ya prosesa iliyopunguziwa nguvu ili itumie umeme mdogo na kutoa joto dogo. Anayeambiwa "i5" peke yake ni kama aliyeambiwa "wa-", akaachwa akisie kama watu hao wanasoma au wamelala.

Tuanze na hiyo T, kwani ndiyo inayoyaunganisha majina haya mawili. Prosesa i5-6500 isiyo na T imepimiwa wati 65 na kasi ya msingi ya gigahezi 3.2. Ndugu yake mwenye T amepimiwa wati 35 na kasi ya gigahezi 2.5. Kwa hiyo T si pambo: mnunuzi ameuza sehemu ya kasi akanunua utulivu wa joto na nafuu ya umeme. Kwa shule inayotegemea paneli za jua, biashara hiyo ina faida. Prosesa ishirini za wati 65 zikifanya kazi kwa nguvu zote huhitaji wati 1,300, ilhali ishirini za wati 35 huhitaji wati 700, kabla ya kuhesabu skrini na vifaa vingine.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Wati 35 si kipimo cha ankara ya umeme. Ni kipimo cha joto ambalo chombo cha kupoza kinapaswa kuliondoa wakati viini vyote vya prosesa vinafanya kazi nzito kwa kasi ya msingi. Mwanafunzi anapochapa insha, prosesa hutumia sehemu ndogo tu ya kiwango hicho. Kazi ya ghafla ikizuka, yaweza kukipita kwa muda mfupi. Mwalimu asidhani, basi, kwamba mashine mbili zenye wati 35 hutumia umeme sawa au hufanya kazi sawa.

Na hapa ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Kasi ya msingi ya 6500T ni gigahezi 2.5, na ya 8500T ni gigahezi 2.1. Asomaye tarakimu hizo mbili tu ataapa kwamba iliyo kuukuu ndiyo bora, na muuzaji mwerevu hatamkosoa. Ukweli ni kinyume chake. 6500T ina viini vinne, na 8500T ina sita. Wati ni zile zile 35. Ni kama sufuria moja ya uji iliyogawiwa watoto wanne, kisha ikagawiwa watoto sita: kila bakuli limepungua, lakini midomo inayolishwa imeongezeka. Kazi ikiwa nyepesi na kiini kimoja pekee kikihitajika, 8500T hupanda hadi gigahezi 3.5, ilhali mwenzake hukoma kwenye 3.1. Ikumbukwe pia kwamba ufundi wa kiini kimoja kimoja haukubadilika sana kati ya vizazi hivyo viwili, kwa hiyo gigahezi moja ya hapa yakaribia kufanya kazi sawa na gigahezi moja ya kule. Isitoshe, hifadhi ya karibu iliyomo ndani ya prosesa ni megabaiti 9 katika 8500T na megabaiti 6 katika 6500T. Kwa nguvu, mdogo amemshinda mkubwa.

Je, mwanafunzi ataiona tofauti hiyo darasani? Katika kuchapa barua, kujaza majedwali na kujifunza misingi ya kuandika programu, ataiona kwa nadra. Ataiona akifungua kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja huku programu nyingine zikiendelea. Ataiona pia katika video za masomo. Video nyingi za YouTube hufungashwa kwa utaratibu uitwao VP9, ambao 8500T ina sakiti kamili za kuufumbua, ilhali 6500T hulazimika kuvibebesha viini vyake vinne sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini prosesa si kompyuta nzima. 6500T yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD itamfurahisha mtumiaji kuliko 8500T yenye gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Shule nyingi hulipia bongo, zikasahau kiungo kinacholichelewesha.

Tofauti iliyo nzito kuliko zote haimo ndani ya prosesa kamwe. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10, ikabakiza nyongeza ya muda kwa masharti maalum. Windows 11, iliyotoka mwaka wa 2021, kwa kanuni za kampuni hiyo huzikubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiondoa chache za kizazi cha 7. Kwa hiyo 8500T imo ndani ya ua, na 6500T imeachwa nje. Haikuachwa kwa sababu imeshindwa kazi. Imeachwa kwa uamuzi wa wenye programu. Wako mafundi wanaoweza kuipachika Windows 11 kwa njia za panya, lakini Microsoft haiwahakikishii watu hao masasisho ya usalama. Shule inayohifadhi majina na alama za watoto haipaswi kujengwa juu ya msingi wa namna hiyo.

Uamuzi huo ndio unaozishawishi ofisi za ng'ambo kuziondoa mashine za kizazi cha 6. Zisipohitajika huko hutafuta soko kwingineko, na soko letu liko wazi. Kwa sababu zinaitwa "i5" kama wenzao, mwalimu asiyejua kulisoma jina aweza kuuziwa 6500T kwa bei ya 8500T. Huo ndio udhia ninaotaka tuukomeshe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzikataa kabisa mashine za kizazi cha 6. Sikubaliani nao. Mashine yenye viini vinne na matumizi madogo ya umeme si takataka. Ikiwekewa Linux, ambayo haidai malipo na ambayo husasishwa pasipo kujali ua wa Microsoft, itafunza uchapaji, majedwali, utafiti wa mtandaoni na lugha ya Python kwa miaka kadhaa. Shule yenye fedha kidogo ikiipata kwa bei ya chini kwelikweli, akiba inayobaki yaweza kununua kumbukumbu, diski ya SSD, hata vitabu vya maktaba. Kinachohitajika ni mwalimu aliye tayari kuijua Linux kabla ya wanafunzi wake. Asipokuwapo, urahisi wa bei utageuka ghali.

Kwa upande mwingine, shule ambayo programu zake za lazima huendeshwa kwa Windows pekee haina budi kuchagua 8500T, au nyingine yoyote inayokubalika. Wala isidanganyike kwamba itanunua 6500T leo kisha ibadilishe bongo kesho. Prosesa zote mbili hukaa katika soketi iitwayo LGA 1151, lakini mabao yaliyotengenezewa kizazi cha 6 hayakukusudiwa kukipokea kizazi cha 8. Ni kaa wa baharini na kaa la moto: jina moja, vitu viwili.

Nawasihi basi walimu wakuu na kamati za ununuzi. Katika kila agizo liandikwe jina kamili la prosesa, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski. Mashine zifikapo, ziwashwe mbele ya muuzaji, na jina linaloonekana kwenye skrini lilinganishwe na lililo kwenye agizo kabla ya hundi kutiwa sahihi. Kazi hiyo haihitaji shahada ya uhandisi. Mwanafunzi aliyezoea kuchanganua vitenzi ataiweza, na ningependa aitwe aifanye, kwani atajifunza siku hiyo kwamba kusoma kwa makini si kwa ajili ya mtihani peke yake.