Lebo ziachwe zisomeke
SAFU YA MPAKANI, na Tumaini Simwanza

Mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika kipande cha kitambaa cha mpira cha mezani kwenye picha yake, kisha akaizungushia kamba badala ya fremu. Wajuzi wa sanaa wanaisimulia hadi leo. Tunduma, mahali malori yanapopanga foleni kwenda Nakonde, upande wa Zambia, vipande vya turubai na kamba havijawahi kukosekana mtaroni. Kinachokosekana ni mchoraji wa kuinama na kuviokota.

Kolaji, yaani picha ya kubandika vitu na kuchora juu yake, si ngeni Afrika Mashariki. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amejenga jina kwa kukata magazeti na kuunganisha midomo, miguu ya wanyama na vipande vya mashine hadi apate viumbe vya kutisha. Mwaka 2013 aliutia mtindo huo kwenye filamu fupi ya katuni, The End of eating Everything. Humo jitu la kike linaelea angani likila kundi zima la ndege, na mwili wake umevimba kama dampo. Hakuna anayehubiri, na hakuna bango la “tunza mazingira”.

Lamu nako, fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza jahazi la Flipflopi kwa tani 10 hivi za plastiki, wakalivisha ndala zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Wangeweza kulipaka rangi moja likafanana na jahazi lolote. Waliziacha ndala na rangi zake, na kila mtu wa pwani akaona humo ndala kama alizowahi kutupa mwenyewe.

Hapo ndipo safu hii inapogombana na picha nyingi za “sanaa ya taka” zinazouzwa kwa watalii. Chupa husagwa, hufunikwa rangi, na mwishowe anatokea twiga. Twiga mzuri, lakini ushahidi umezikwa chini yake! Mchoraji wa Tunduma aache lebo zisomeke: maji yalikofungwa, kiwanda kilichojaza mfuko wa unga, maandishi ya Kifaransa kwenye gunia lililokuwa likielekea Kongo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, ila katazo hilo halikugusa chupa za maji wala vifungashio vya viwandani. Ndivyo vinavyojaa mitaro leo, na karibu kila kimoja kina jina la mwenyewe.

Mkoa wa Songwe, ilipo Tunduma, una malighafi nyingine pia. Gunia kuukuu la kahawa ya Mbozi linatosha kuwa kanvasi. Maganda ya kahawa, ambayo yakiachwa yatiririke kutoka kwenye mitambo ya kumenyea huchafua vijito, yakichemshwa hutoa rangi ya udongo, na kijito kikachorwa kwa kile kile kinachokichafua. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kule wilayani Songwe ni habari nyingine: hiyo ichorwe tu, isiguswe. Sanaa haina chanjo ya sumu.

Kikwazo kikubwa ni gundi. Ile nyeupe ya mafundi seremala inashika karatasi na gunia vizuri, lakini plastiki laini huibandua ikishakauka, hasa picha ikining'inizwa juani. Plastiki inataka kushonwa. Wenye ujuzi huo hawako chuo cha sanaa: ni mafundi wa kushona maturubai ya malori, wenye sindano nene na uzi wa nailoni, waliozoea mshono unaohimili upepo wa safari nzima. Mchoraji atakayeanza kazi hii awatafute kabla ya kununua rangi, na akiuza picha, jina la fundi aliyeshona liandikwe kando ya lake.