Barabara za Busi: Droni Ianze Kutazama Maji

Julai 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa rasmi, na Kondoa ikaacha kuwa wilaya ya kufikiwa kwa vumbi. Lakini mkulima wa kata ya wilaya hiyo kama Busi haanzii safari yake kwenye lami. Alizeti yake hutoka shambani kwa njia za udongo, na mgonjwa wake hupakiwa kwenye bodaboda juu ya njia hizo hizo. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishazichimba, lami iliyo mbele inamsaidia nusu tu.

Njia hizo ni mzigo wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017 na sasa unasimamia mtandao wa zaidi ya kilometa 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Je, wakala huo utumie droni, yaani ndege nyuki, kukagua hali ya barabara hizo? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: droni itumwe kwanza kutafuta maji yanakopita, kisha ndiyo ihesabu mashimo.

Ufundi wenyewe umeshajaribiwa. Droni hupiga mamia ya picha zinazopishana, na programu ya kompyuta huziunganisha kuwa umbo la ardhi lenye urefu, upana na kina. Hapo mhandisi anaweza kupima kina cha shimo na kuona kama mgongo wa barabara bado umeinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Nchini Marekani, watafiti wa Michigan Tech waliunda mfumo wa namna hii mahsusi kwa barabara zisizo na lami. Kwetu, kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilipigwa picha kwa droni ili kutengeneza ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa walioshiriki kazi hiyo. Wataalamu wa kuzirusha, basi, tunao.

Kondoa nayo si mgeni wa macho ya angani. Watafiti wa mmomonyoko walisoma makorongo ya vilima vya Irangi kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni, na hali ya ardhi ilikuwa mbaya kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi. Funzo la miaka ile ni kwamba maji yanayochimba korongo huanzia mlimani, mbali na pale linapoonekana likila shamba au barabara.

Hapo ndipo ukaguzi wa kawaida unapokwama. Mkaguzi aliye ndani ya gari anaona shimo lililo mbele ya tairi, lakini haoni mteremko ulio mita mia tatu juu yake unaoyaleta maji. Basi greda huletwa, barabara inachongwa, na udongo unasukumwa kando. Jambo hilo likirudiwa kila mwaka bila mitaro ya kutolea maji, barabara huzama chini ya usawa wa mashamba. Mvua inayofuata huifanya kuwa mfereji, na baada ya miaka kadhaa tunakuwa tumechimba korongo kwa fedha za umma.

Wapo wanaosema fedha za droni zingenunua dizeli ya greda. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kila mwenye pikipiki nchini anachangia barabara hizi: kuanzia Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli ilitozwa shilingi 100 zaidi kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni wajibu kujua mahali panapostahili kalavati, mahali ambapo mtaro unatosha, na mahali ambapo kuchonga tena ni kuongeza hasara.

Droni haimalizi kila kitu. Haioni ndani ya kalavati lililozibwa na mchanga, haijui unene wa changarawe bila kipimo cha awali cha kulinganisha, na kivuli cha miti huificha barabara. Pia hairushwi kiholela, kwani inahitaji kibali cha mamlaka za anga na ulinzi. Mhandisi lazima bado ashuke kwenye gari na kutembea, na lazima awaulize wenyeji maji yalipitia wapi.

TARURA ianze na wilaya moja, na Kondoa inafaa. Barabara zipigwe picha mara mbili kwa mwaka: Novemba kabla ya mvua, na Mei baada yake. Picha za kabla na baada ya kazi ziwe sehemu ya ushahidi unaotakiwa kabla mkandarasi hajalipwa. Na ramani hizo zibandikwe katika ofisi ya kata, ili diwani na wananchi wa Busi waone wenyewe ni wapi fedha imekwenda na ni wapi maji bado yanashinda. Bila hatua hiyo ya mwisho, picha zitabaki kwenye kompyuta za ofisini na barabara itaendelea kuchimbika.